Mkwaruzo

Asubuhi hii nina picha arobaini na moja,
kompyuta moja, na visanduku viwili vya kutia alama:
*Imerejelea. Imetokana na.*
Kyungu, mkuu wangu, anasema tofauti ni ndogo,
usipoteze umeme. Umeme wa Lubumbashi haupotezwi na mtu,
unapotea wenyewe ikifika saa nane.

Naanza na ya mzee Mwilambwe, mpiga picha wa Kamalondo,
mwaka sabini na nne: mama mwenye beseni la unga kichwani,
mkono mmoja kiunoni, nyuma yake bomba la kiwanda
na ule mlima mweusi wa masalio ya shaba.
Juu kulia, mkwaruzo.
Ukucha uliparuza filamu ikiwa bado mbichi,
ukaacha mstari mweupe
kutoka mdomo wa bomba hadi ukingo wa karatasi.

Ya pili ni rangi juu ya gunia la unga.
Kapend wa Kenya aliibana ile picha kando ya meza yake;
mwanawe amenithibitishia, pini ingalipo.
Lakini mama huyu ameketi. Beseni limekuwa mtoto.
Bomba halipo, kuna ukuta na kalenda ya mwaka uliopita.
Kilichobaki ni kiwiko tu,
namna kinavyochomoza kama sikio la birika.
Kapend aliiuliza picha swali moja, akaondoka na jibu,
kama jirani aliyebisha hodi kuomba kaa la moto
akaenda kusonga bukari yake kwake.
*Imerejelea.*

Ya tatu, gunia vilevile. Imetoka Katuba.
Sahihi ya Bwalya ni kubwa kuliko beseni.
Gauni la buluu limekuwa jekundu, mlima umeota majani.
Shemeji yake ameniandikia kwamba Bwalya anaapa
alimwona yule mama kwa macho yake mwenyewe.
Mimi nautazama mstari.
Nilipokuwa na miaka kumi na miwili
niliibandika sahihi ya baba kwenye kioo cha dirisha,
juu yake karatasi ya alama za shule,
nikaifuata polepole, jua likinisaidia.
Mwalimu akasema: baba yako huandika mbio,
huyu aliyeandika hapa alikuwa anaogopa.
Kiwiko cha Bwalya kinaogopa.
Na tazama juu kulia: waya wa umeme,
kutoka mdomo wa bomba hadi ukingo wa gunia,
bila nguzo hata moja.
Ameupaka rangi mkwaruzo.

*Imetokana na.* Nabonyeza bila huruma,
kisha naona haya kidogo, kwa sababu wekundu ule ni wake,
ni udongo wa Ruashi mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika,
na sijauona kwa mwingine.
Kisanduku hakina nafasi ya haya.

Zilizofuata sizikumbuki vizuri. Nyingi zilikuwa rahisi.

Saa saba na dakika arobaini, ya arobaini na moja:
kalamu za rangi, karatasi iliyochanwa katika daftari.
Ngoie, miaka tisa, Katuba.
Gunia la Bwalya lilitundikwa saluni kwa shangazi yake.
Mama hayumo. Beseni, bomba, mlima, havimo.
Kuna waya tu, usio na nguzo,
na juu yake ndege kumi na mmoja
wanaotazama upande mmoja, isipokuwa mmoja aliyegeuka.

Kyungu anauliza akiwa mlangoni: na hiyo je?
Sijui nimjibu nini.
Mtoto hajawahi kuiona picha ya mzee.
Katika gunia zima alichagua kosa,
akaliona lina nafasi ya kukaliwa.

Natia *Imerejelea*. Nafuta. Natia tena.
Feni imeshasimama, betri inahesabu dakika,
na chini, penye maelezo, naandika upesi, mbio, kama baba:

Waya huu haupo Katuba. Ulianzia Kamalondo,
kwa ukucha wa Mwilambwe, filamu ikiwa mbichi.
Ndege ni wa Ngoie.